Kabla hujarusha habari ya nyumba ya majini

Wadogo zangu mnaoanza uripota hapa Mwanza, siku moja simu itaita: kuna nyumba huko mlimani, mawe yanarushwa usiku juu ya bati, wapangaji wamehama. Mhariri atakwambia kimbia. Kimbia, lakini nenda na maswali.

Mimi nilikwenda bila maswali. Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo redioni. Nilirekodi majirani wanne, nikachomeka mlio wa bundi nyuma ya sauti zao, kipindi kikapendwa mpaka kikarudiwa. Wiki mbili baadaye nikarudi mtaani kutafuta mwendelezo, ndipo nikagundua kuwa hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyewahi kulala ndani ya nyumba ile. Wote walikuwa wamesikia. Nilimkuta dada wa genge naye anasimulia vizuri kuliko wote. Nikamuuliza kayatoa wapi. Redioni, akasema. Yaani kwangu mimi.

Kwa hiyo anza na hili: wewe mwenyewe ulikuwemo? Kisha uliza nani ananufaika nyumba ikikimbiwa, na hapo usiwe na haraka. Kuna ndugu wanaogombea urithi. Kuna mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita na anatafuta sababu ya kuondoka kwa heshima. Kuna dalali aliyezungukwa akakosa chake, na mnunuzi anayesubiri bei ishuke. Nyumba ile ya kipindi changu ilikuwa na kesi ya mirathi mahakama ya mwanzo, kaka na dada. Mwenyekiti wa mtaa aliijua vizuri. Sikumuuliza, maana jini lilikuwa tamu zaidi.

Msidhani ni ushamba wetu. Huko Amityville, jimbo la New York, kijana aliua watu sita wa familia yake mwaka 1974. Familia nyingine ikahamia nyumba hiyo mwishoni mwa 1975, ikaondoka baada ya siku 28 ikidai imetishwa na mashetani. Kikatoka kitabu, zikafuata filamu. Mwaka 1979 wakili wa muuaji yule akasema hadharani kwamba simulizi ile waliitunga pamoja na familia hiyo huku wakinywa mvinyo. Waliokuja kukaa baadaye walisumbuliwa na watazamaji waliokuja kupiga picha, hadi namba ya nyumba ikabadilishwa. Habari ilishakuwa biashara, nani ataisahihisha?

Ukiweza, lala ndani ya nyumba inayosemwa. Mimi nililala katika ile ya kipindi changu, kwa kuchelewa. Jua likishazama bati linaanza kupoa na kujikunja, pa! kimya, pa! tena, ukiwa peke yako kila mlio una miguu. Saa sita hivi kitu kikakimbia juu ya paa kuanzia mwisho hadi mwisho, kikafuatiwa na ukelele wa kukwaruza uliopanda, ukapanda, ukakatika. Nakiri nilishika kitasa cha mlango. Asubuhi nikatoka nyuma: jiwe kubwa limeegemea ukuta, karibu kabisa na ukingo wa paa, na ubavuni lina michirizi myeupe, mkojo wa miaka wa pimbi, wale wanyama wadogo wanaoishi maweni. Watatu walikuwa juu yake wakiota jua, wakanitazama kama mgeni asiyealikwa. Mji huu tumeujenga juu ya mawe yao.

Si kila kitu utakipatia jibu. Andika ulichokiona, ulichokisikia kwa masikio yako, basi.

Ila jambo moja halina utani. Habari ya majini hutafuta mtu wa kusingiziwa kuwa ndiye mwenye majini hayo, na katika Usukuma wetu mtu huyo mara nyingi hupatikana kuwa bibi kizee mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale ni ya moshi wa kuni na samadi, lakini wapo bibi waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu ukoloni. Shuhuda akianza kusema "yule bibi wa nyumba ya pili", zima kinasa sauti. Usiseme utakata baadaye studio. Baadaye kuna haraka, na fundi mitambo hajui unamaanisha bibi gani.

Katika kipindi changu sauti moja ilimgusa bibi wa namna hiyo, bila jina, lakini mtaa mzima ulimjua. Nilipoomba nafasi ya kurekebisha, mhariri alinipa sekunde thelathini, baada ya matangazo ya vifo. Nilizitumia zote.