Maswali ya wasomaji: tembo 8,000 waliongezekaje hadi 15,000 kwa mwaka mmoja?

Nilisoma kwamba sensa ya tembo wa Ruaha-Rungwa ilitoa 8,272 mwaka 2014, halafu 15,836 mwaka 2015. Tembo hawazai upesi namna hiyo. Nani alidanganya? (Msomaji, Manyoni)

Si lazima awepo aliyedanganya. Hesabu yako ya uzazi ni sahihi: mimba ya tembo ni miezi 22, na hata kundi linalostawi sana huongezeka kwa asilimia 7 hivi kwa mwaka. Tofauti hiyo basi haikutokana na ndama. Tafuta sababu kwenye namna ya kuhesabu.

Katika sensa ya sampuli, tembo hawahesabiwi mmoja mmoja. Ndege huruka kwa mistari sambamba, kimo cha futi 350 hivi kutoka ardhini, na mwangalizi wa kila upande huhesabu wanyama waliomo ndani ya ukanda tu. Ukanda huo wa mita 150 hivi huonyeshwa na fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Mistari ikiachana kilomita 5, kanda mbili za jumla ya mita 300 zinakupa asilimia 6 ya eneo zima. Asilimia 94 hukadiriwa. Sasa tembo wana tabia ya kukaa kwa makundi. Kundi moja la tembo 40 likisimama nje kidogo ya fito, makadirio yako yanashuka kwa zaidi ya 660.

Ndiyo maana kila makadirio huja na kiwango chake cha makosa, kile cha "kuongeza au kupunguza", ambacho magazeti mengi hukiacha. Tunaliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko la waliohesabu. Lakini usikimbilie kusema hakuna tatizo: mwaka 2013 makadirio ya eneo hilohilo yalikuwa 20,090. Soma mfululizo wa miaka, na uangalie mizoga iliyoonekana angani. Mizoga ikizidi asilimia 8 hivi ya jumla ya mizoga na tembo hai, watafiti huanza kushuku vifo visivyo vya kawaida, ujangili ukiwa wa kwanza.

Nahesabu digidigi kwa miguu huko Kondoa kwa ajili ya mradi wa chuo. Nilifuata barabara ya doria, msimamizi akakataa takwimu zangu zote. (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

Pole, ila ana haki. Barabara hufuata miinuko na kukwepa makorongo, na pembeni mwake vichaka vimefyekwa. Wanyama wa kando ya barabara hawawakilishi pori. Chora mistari kwenye ramani kabla hujaondoka: mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa bahati nasibu, mingine ifuate kwa nafasi sawa, hata kama itapita kwenye miiba.

Ukishaingia porini, tembea taratibu kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4. Unachohitaji ni umbali wa mnyama kutoka kwenye mstari, si kutoka uliposimama wewe. Pima umbali hadi kwake kwa kifaa cha leza, na pembe kati yake na mstari kwa dira. Aliye mita 80 kwa pembe ya digrii 30 yuko mita 40 kutoka mstarini (80 × sin 30°). Pima hadi pale ulipomwona kwanza; digidigi hujibana kichakani mpaka umkaribie, kisha hufyatuka, na mtu hujikuta anapima alikokimbilia. Kosa lingine ni kukadiria kwa macho: wasaidizi hupenda 10, 20 na 50, na grafu inatoka na vilima ambavyo porini havipo. Walio juu ya mstari wenyewe lazima uwaone wote. Sharti hilo likivunjika, programu ya kompyuta ya kukokotoa idadi haitakuokoa.

Lenga kuona makundi 60 hadi 80. Tuseme umeona makundi 72 kwa kilomita 60, na upana halisi wa kuona, unaokokotolewa kutokana na umbali uliopima, ni mita 50 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 6, yaani makundi 12 kwa kila moja. Zidisha kwa wastani wa wanyama kwenye kundi. Kwa digidigi, wanaoishi wawili wawili, huwa unakaribia 2.

Kamera tulizotega kwa ajili ya chui zinajaa picha za majani, na mchana wa Oktoba hazinasi kitu.

Ni matatizo mawili. Majani: fyeka mita chache mbele ya kamera na usiifunge kwenye mti mwembamba unaoyumba. Mchana: kihisio hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Ardhi ya Dodoma ikipata joto linalokaribia la mwili, mnyama "hupotea". Funga kamera kwenye kivuli, sentimita 40 hadi 50 kutoka chini, ikitazama kaskazini au kusini ili jua lisiipige usoni. Weka mbili kila kituo, moja kila upande wa njia, kwa sababu madoa ya ubavu wa kulia wa chui si sawa na ya kushoto. Na tafadhali, fomu zote ziandikwe saa kwa mfumo wa 24. Msaidizi akiandika "saa 2" na kamera ikasema 08:00, kuna mtu atakuja kuchanganya usiku na mchana.

Kibali cha kuhesabu wanyama Swagaswaga naomba wapi?

Anza na TAWIRI, inayoratibu utafiti wa wanyamapori nchini. Kwa kuwa hilo ni pori la akiba, utahitaji pia ruhusa ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kabla ya kuingia.

Picha ya satelaiti ya Agosti inaonyesha vichaka vya Itigi kama mashamba matupu. Vimefyekwa? (Singida)

Huenda vimepukutisha majani tu, kama kawaida yake wakati wa kiangazi. Chukua picha ya mwishoni mwa Aprili au Mei, mawingu yakipungua na majani yangali mabichi, kisha ulinganishe na mwezi uleule wa miaka mingine. Satelaiti za Sentinel-2 hutoa picha zenye vipande vya mita 10. Za Landsat ni mita 30, lakini kumbukumbu zake zinaanzia 1972 (za mwanzo ni hafifu zaidi). Angalia pia makovu ya moto, maana weusi wake hudanganya. Halafu nenda na GPS, ukague angalau nukta 50 kwa kila aina ya uoto.

Kwelea wamejenga viota kwenye migunga karibu na mtama wetu. Tutajuaje ni wangapi? (Bahi)

Chagua miti 20 hadi 30 kwa bahati nasibu, ya katikati na ya pembeni, na uhesabu viota vyenye mayai au makinda tu. Dume huacha vingi bila kuvimaliza. Zidisha wastani kwa idadi ya miti kwa hekta, kwa hekta zote, kisha kwa 2 (dume na jike). Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, hivyo milioni moja ni tani 10. Mpelekee afisa ugani taarifa siku hiyohiyo, ukitaja ukubwa wa eneo na kama ni mayai au makinda: mayai huatamiwa siku 10 hadi 12 tu, na makinda huondoka kiotani karibu wiki mbili baadaye.