Aliyekaa katikati

Wahariri wapendwa,

Wiki hii mmeuliza: "Je, mtu anaweza kupata mpenzi wa kweli katika programu ya akili bandia?" Nilisoma na jibu likanitoka upesi: hapana. Kisha usiku sikulala. Kama mashine inapenda ao haipendi, mimi siwezi kuliamua. Nataka kusema juu ya yule anayekaa katikati ya watu wawili na kubeba maneno yao, kwa sababu ndoa yangu ilipita mikononi mwake.

Vijana wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, leo hawajui foni, redio ya kuongea na watu wa mbali. Wa umri wangu wanaikumbuka. Mwaka 1992 mume wangu alikuwa Shabunda, ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Barabara ilikuwa mbovu, watu na mizigo walikwenda kwa ndege ndogo kutoka Kavumu. Mimi nilifundisha darasa la tatu huko Kadutu, na mshahara wa mwalimu wa Zaire wakati ule ulikuwa hauonekani. Foni tuliyotumia ilikuwa katika duka moja la Nyawera: redio juu ya meza, betri ya gari chini yake, waya umepitishwa dirishani na kufungwa kwenye mti wa avoka.

Zamu ya kuongea na Shabunda ilikuwa Jumamosi, saa kumi. Unaandikisha jina, unakaa kwenye benchi, unangoja. Ukiongea, benchi zima linasikia, na huko porini kila mwenye redio kwenye mawimbi yale anasikia pia. Unabonyeza, unasema yako, unamaliza kwa "à vous", unaachia, ndipo mwenzako anajibu. Sasa bwana na bibi wapendane namna gani hapo? Kila nyumba ilikuwa na maneno yake. Sisi, "mvua inanyesha kwenu?" ilikuwa na maana nimekutamani. Mama mmoja aliyenitangulia kwenye zamu aliuliza bei ya mawese tu, wiki baada ya wiki, na kila akijibiwa aliinamisha kichwa akitabasamu. Sote tulijua si mawese.

Jumamosi moja ya Kwaresima nilikwenda na moyo mzito. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba mume wangu ana nyumba huko. Kwetu ukiambiwa mtu ana nyumba ya pili, hufikirii matofali. Nilivaa kitenge changu kizuri, kana kwamba ataniona. Kwenye benchi walikuwa watu tisa, niliwahesabu. Nilikuwa nimepanga kuzunguka, kuuliza kwa mvua na kwa mtoto. Zamu ilipofika nikabonyeza, nikasema wazi: "Nasikia uko na nyumba ingine huko. Ni kweli ao ni bongo? À vous."

Benchi likanyamaza. Redio ikavuma kama mvua kwenye mabati, ikapiga mluzi, ikavuma tena. Kijana wa foni alivaa vipaza sauti vyake vya masikioni, akavibana kwa mikono miwili, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Naikumbuka hata kalamu iliyokuwa sikioni mwake ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota. Halafu akanigeukia: "Mwalimu, anasema hana nyumba ingine. Anasema nyumba yake iko Kadutu, na mwenye ufunguo ni wewe."

Mama wa mawese akapiga makofi. Mimi nilipanda Kadutu kwa miguu, nikanunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa pesa ya sabuni, nikawapikia watoto, nikaimba jikoni. Mume wangu alirudi mwezi wa sita. Sikumuuliza tena, kwani nilikuwa nimekwisha kujibiwa. Tuliishi pamoja mpaka mwaka 2019, Mungu alipomchukua.

Nimesoma kwamba mwaka 1966, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa programu iitwayo ELIZA, ambayo iliyageuza tu maneno ya mtu yawe maswali. Katibu wake alimwona akiihangaikia miezi mingi, akajua ni mashine. Hata hivyo, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba bwana huyo atoke chumbani. Nilimwelewa mara moja. Ndicho nilichotamani kila Jumamosi, watu watoke. Lakini Weizenbaum mwenyewe ameeleza kwamba alipofikiria kuyachunguza mazungumzo ya watu na programu yake, walimlaumu kwamba anapeleleza siri zao. Aliyetoka chumbani alikuwa bado anaweza kusikia.

Mtoto wa dada yangu, anayesomea uuguzi, anaishi kwangu. Usiku umeme ukirudi anachaji simu, anaandikiana kwa Kifaransa na programu aliyoipa jina la mwanaume. Nilimwambia: maneno yako yanasafiri mpaka kwenye kompyuta za kampuni ya mbali. Mimi nilizijua sura za watu tisa, wewe unajua nani yuko kwenye benchi lako? Tena nikamweleza habari ya Replika, programu nyingine ya akili bandia ambayo watu huifanya rafiki ao mchumba. Februari 2023 kampuni iliondoa mazungumzo ya mahaba, na watu waliokuwa na mchumba humo wakaamka wamkute amekuwa baridi, wakalia kweli. Foni ya Nyawera nayo ilizimwa, lakini mume wangu hakuzimika nayo.

Hapo ndipo nilitaka kumaliza barua. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimewaficha nusu.

Kwenye matanga ya mume wangu alikuja mzee mmoja, akangoja watu wapungue. Alikuwa yule kijana wa foni. Alisema: "Mama Mwalimu, ile siku ya Kwaresima nilisikia 'mwambie Mwalimu', halafu mvua. Hayo mengine niliyatoa mwenyewe."

Naandika haya na mkono bado unakuwa mzito. Programu hizi, kama nilivyoelezwa, zimelishwa maandishi ya watu wengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata. Kijana yule naye alikuwa amebeba maneno ya mabwana na mabibi kwa miaka. Alijua linalofuata mwanamke akiuliza vile mbele ya watu. Nilitaka kuwaandikia kwamba yeye alikuwa na moyo na programu haina, na bado naamini hivyo: alinihurumia, na uongo wake aliubeba miaka 27 mpaka ukamlemea. Lakini mimi niliyepokea nilishiba. Nililea watoto wanne juu ya sentensi ambayo mume wangu labda hakuisema, na sitaki kuirudisha.

Basi andikeni kwamba jibu langu ni ndiyo, mtu anaweza kushikwa mkono na maneno yasiyo na mwenyewe, na sitamnyang'anya binti yule simu. Ila mwenye mtu hai wa kumuuliza amuulize mwenyewe, uso kwa uso, maana mimi nilikuwa naye nyumbani miaka yote hiyo na sikumuuliza. Na kama programu inalipisha pesa ili iseme nakupenda, hapo sijui niseme nini zaidi ya kwamba kijana wa foni alitoza dakika tu, na maneno yale hakuyalipisha.

Usiku ule wa matanga sikumkaripia mzee. Nilimwekea bugali, nikakaa karibu naye kwenye benchi, nikamwomba anisemee tena kama alivyosema siku ile. Akafumba macho, akasema: "Nyumba yake iko Kadutu."