Jibu: Huduma ya mizani ndani ya seva ya Java

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama huduma yako inayosikiliza mizani ya samaki hapo Malindi uiweke ndani ya WAR (kifurushi cha programu moja ya wavuti), au uichomeke kwenye seva yenyewe ya Java ili programu zako zote mbili ziitumie.

Ichomeke kwenye seva. Mimi niliwahi kuiweka ndani ya WAR na kuanzisha Thread (uzi wa kazi) yangu mwenyewe. Siku nilipoweka toleo jipya bila kuzima seva, uzi wa zamani ulikuwa bado hai umeshikilia poti (mlango wa mtandao), na logi ikajaa BindException, yaani hitilafu kwamba poti imeshikiliwa tayari. Wavuvi wamesimama na samaki juani, mizani haisomi. Sitaki yakukute.

Unachohitaji ni adapta ya rasilimali, yaani kifurushi kinachounganisha seva na mfumo wa nje kama mizani yako, faili la .rar (si lile la kubana mafaili). Tangu J2EE 1.4 (kiwango cha seva za Java) ya mwaka 2003, seva yenyewe huita start inapoiwasha na stop inapoizima. Kwenye start unapewa BootstrapContext. Toa WorkManager (msimamizi wa nyuzi za seva) humo, uikabidhi kazi ya kusikiliza kwa scheduleWork. Usitumie doWork, maana hiyo husubiri kazi iishe, na kusikiliza hakuishi, kwa hiyo seva itaganda ikiwaka. Kwenye stop funga ServerSocket, la sivyo accept, inayosubiri muunganisho, itabaki imekaa palepale. Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Uzito utazifikia programu zako kupitia MDB (Message-Driven Bean, kijenzi kinachoamshwa ujumbe unapofika). Seva za WildFly na GlassFish zote zinaikubali adapta hii. Seva ya Tomcat tupu haina mambo haya. Huko andika LifecycleListener (darasa linaloitwa seva ikiwaka na ikizimwa) uitaje kwenye server.xml.

Ukikwama kwenye ra.xml (faili la maelezo ya adapta), ibandike hapa tuitazame.