Muulize Fundi: Mnyororo Mpya Unaruka, Pancha Haziishi

Shikamoo fundi. Nimebadilisha mnyororo wa baiskeli kwa sababu ule wa zamani ulikuwa unanepa. Sasa huu mpya ndio balaa: nikikanyaga kwa nguvu mlimani unaruka "kraa!" na nusura nijigonge kifua kwenye usukani. Je, nimeuziwa bandia?

Marahaba. Mnyororo wako ni mzima, muuzaji umwache. Kilichokwisha ni meno ya nyuma.

Tunazoea kusema mnyororo umevutika, kumbe chuma hakijavutika hata kidogo. Pini huzunguka ndani ya matundu yake, mchanga ukipenya humo husaga, na kila kiungo kikilegea kiasi cha unywele, mnyororo mzima unarefuka. Ukisharefuka hukaa juu zaidi kwenye meno na kuyala hadi yaufuate. Hapo vyote viwili vimechakaa lakini vinaelewana, ndiyo maana ule wa zamani haukuwa unaruka. Umeleta mpya wenye vipimo sahihi, haukai mashimoni, unapanda juu ya meno. Jaribu gia ambayo huitumii kabisa. Usiporuka hapo, jibu umelipata.

Kwa hiyo nunua meno mapya ya nyuma, kaseti au frewili kulingana na baiskeli yako. Ya mbele huchakaa polepole, usiyaguse kama hayajachongoka kama pezi la papa.

Na safari ijayo pima mapema. Karibu minyororo yote ya baiskeli ina nusu inchi kutoka pini hadi pini, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Vuta mnyororo ukaze, weka futi kamba katikati ya pini moja, hesabu. Ikizidi inchi 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Ukingoja izidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, utanunua na meno. Mwenye gia 11 au 12 nyuma asisubiri hata hiyo ya kwanza itimie.

Oili nayo: tone moja kwa kila rola (kile kipipa kidogo kinachozunguka kwenye pini), zungusha pedali kinyumenyume, acha inywe, kisha futa nje yote kwa kitambaa. Futa kweli. Oili iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Na ile oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi wanaisifu kwa kuwa ni ya bure, imejaa masalia ya chuma. Nimeshagombana na watu wengi kuhusu hilo na sitaacha.

Fundi, gurudumu la nyuma lapata pancha kila wiki. Naziba, najaza upepo, siku mbili liko chini. Nimechoka kununua tyubu.

Kabla ya kuziba, isome pancha. Ukitoa tyubu, iweke juu ya tairi vile ilivyokuwa, valvu ikitazama tundu lake, ndipo utajua tobo limekaa wapi.

Matobo mawili madogo sambamba yana maana moja: umepita kwenye shimo upepo ukiwa kidogo na rimu imeibana tyubu. Dawa yake ni pampu. Soma kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na uache tabia ya kubonyeza kwa dole gumba. Tobo likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, angalia utepe unaofunika vichwa vya spoku, pengine umesogea. Likiwa upande wa nje na linarudi palepale, mwiba bado uko kwenye tairi. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi taratibu, kitanasa. Usipitishe kidole kwa pupa, utajikata.

Mimi ni mama wa miaka 52, nimeanza kuendesha kwa mazoezi. Nikirudi goti linauma kwa mbele. Niache?

Usiache, mama, pandisha kiti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Pandisha milimita tano tano, na usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye mlingoti wa kiti. Tumia pia gia nyepesi, miguu izunguke haraka badala ya kusukuma mzigo. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepitiliza, shusha. Yasipoisha hata hivyo, mwone daktari. Mimi ni fundi wa vyuma.

Napenda kuendesha lakini barabara ya kwetu ni malori matupu. Niende wapi?

Fungua ramani ya picha za setilaiti utafute mistari myembamba: njia kando ya reli, mifereji, mabomba ya maji, mashamba. Ulizia kwanza kama inaruhusiwa kupita, kisha itembee kwa mguu. Toka alfajiri ya Jumapili. Anza safari ukielekea upepo unakotoka, ili ukusukume wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka. Na kama mnaendesha wengi, iombeni serikali ya mji wenu ifunge barabara kwa saa chache. Bogotá, Kolombia, wanafanya hivyo tangu 1974: kila Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 hazina magari.

Naweza kuosha baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari?

Hapana. Maji ya nguvu hiyo hupenya kwenye goroli na kutoa grisi yote. Ndoo, sabuni na brashi vinatosha.