Kabla Hujanunua Ndoo ya Rangi ya Sebule

Sebule nyingi zilizoharibika rangi ziliharibikia dukani. Mtu anasimama chini ya taa nyeupe za duka, anashika kadi yenye vipande vidogo kama stempu, anachagua kimoja, kisha kinakwenda kupakwa kwenye ukuta wa mita tano. Kazi ikiisha anauliza: mbona hii siyo ile? Ni ileile. Kipande kidogo huonekana chepesi kuliko ukuta mzima, kwa sababu kuta nne zikipakwa rangi moja huangaziana na kuizidisha. Ukiwa unasitasita kati ya rangi mbili za familia moja, chukua iliyofifia zaidi.

La pili ni mpangilio wa maamuzi. Watu huanza na rangi ya ukuta, halafu wanatafuta makochi na mapazia ya kuendana nayo. Geuza. Mashine ya kuchanganyia rangi inaweza kutoa maelfu ya rangi, lakini vigae vya sakafu, kochi na zulia huja vilivyo. Orodhesha kwanza vitu ambavyo hutavibadilisha, na rangi ya ukuta ije mwisho ivitumikie.

Sakafu ndiyo yenye sauti kubwa kuliko vyote, na ndiyo inayosahaulika. Karibu kila rangi iliyopoa ina rangi nyingine iliyojificha ndani yake. Kijivu kimoja kina ubuluu, kingine kina ukijani, kingine kina uzambarau. Nyeupe nazo hivyohivyo: zipo zinazoelekea manjano, zipo zinazoelekea buluu. Ukipaka nyeupe yenye ubuluu juu ya vigae vya rangi ya maziwa, vigae vitaonekana vichafu hata uvipige deki mara tatu kwa siku. Ili kuiona rangi iliyojificha, weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuchapishia, kisha iweke kando ya kadi nne au tano za aina yake. Kijivu kikiwa peke yake ni kijivu tu. Kikikaa na wenzake ndipo siri yake inatoka. Baadaye ilaze kadi hiyo sakafuni na juu ya kitambaa cha kochi, siyo kuishika hewani mbele ya macho.

Halafu kuna mwanga. Dirisha linalotazama mashariki hupokea jua la asubuhi lenye umanjano, na kuanzia mchana chumba hupoa. La magharibi ni kinyume chake, na jioni linaweza kuifanya rangi ya waridi iliyofifia ionekane kama chungwa. Chumba kisichopigwa na jua moja kwa moja hupata mwanga wenye ubuluu, na humo kijivu baridi hugeuka kuwa kama saruji isiyopakwa kitu. Angalia pia kilicho nje: mti mkubwa mbele ya dirisha hutia ukijani ukutani, na ukuta mwekundu wa jirani hutia uwaridi.

Watengenezaji wengi huandika namba iitwayo LRV nyuma ya kadi au kwenye katalogi. Hiyo ni kiasi cha mwanga ambao rangi huurudisha, kutoka 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kabisa. Kwa sebule yenye dirisha moja dogo, rangi ya 60 kwenda juu hukusaidia kupunguza kuwasha taa mchana. Chini ya 30 utahitaji taa nyingi. Hilo si kosa kama sebule yenu hutumika zaidi usiku, ila ulijue mapema.

Na balbu ziamuliwe kabla ya rangi. Balbu ya kelvini 2700 hadi 3000 ina mwanga wa umanjano unaotuliza. Ya 6500 ni nyeupe yenye ubuluu, inafaa karakana kuliko mahali pa kupumzikia. Tafuta pia balbu yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu) ya 90 au zaidi, maana zile za chini hufanya nyekundu na hudhurungi zionekane zimekufa. Wapo wanaopaka upya sebule nzima wakati tatizo lilikuwa balbu mbili.

Jaribio ndilo linaloamua. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi iliyobaki kwenye mchujo, zisizidi tatu. Chukua kadibodi nene au vipande vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, pakaa mikono miwili (yaani makoti mawili), acha ukingo mweupe wa sentimita 5 kuzunguka. Ukingo huo unatenga rangi mpya na rangi ya zamani ya ukuta, ambayo ingekudanganya. Kisimamishe kipande kwenye kona yenye giza, nyuma ya kochi, kando ya dirisha na karibu na sakafu. Kitazame asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku taa zikiwa zimewashwa. Siku mbili zinatosha. Usijaribu kwa kupaka mabaka ukutani moja kwa moja. Mbali na kudanganya macho, kingo za mabaka hayo huacha michirizi inayoonekana hata chini ya rangi ya mwisho.

Ukitaka ukuta mmoja wa rangi nzito, kwa mfano damu ya mzee au kijani kilichoiva, chagua ule ambao jicho linaufikia kwanza mtu anapoingia. Usichague ukuta wenye dirisha: mwanga unaotoka nyuma hufanya rangi nzito ionekane nyeusi tu. Chumba kirefu chembamba hupata nafuu rangi nzito ikiwekwa kwenye ukuta mfupi wa mwisho, kwani unaonekana kusogea karibu. Kuna kanuni ya 60-30-10, yaani asilimia 60 rangi kuu, 30 ya pili, 10 ya kuchangamsha. Ni msaada kwa anayeanza, lakini asiyepima mito ya kochi kwa rula hatapata dhambi.

Mng'ao na kiasi

Rangi ya maji ya kuta huja kwa viwango vya mng'ao. Isiyong'aa kabisa, yaani mati, huficha mabonde na viraka vya plasta, lakini aina nyingi hubaki na alama ukizisugua. Yenye mng'ao kidogo hufutika vizuri na ndiyo inayofaa nyumba yenye watoto. Yenye mng'ao mkali huonyesha kila kasoro ya fundi plasta, kwa hiyo iache kwa milango na mbao za chini ya ukuta. Dari ipakwe mati, bila mjadala.

Hesabu ya lita ni rahisi. Tuseme sebule ni mita 4 kwa 5, na kimo mita 2.7. Mzunguko ni mita 18. Zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 48.6. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, jumla kama 5.5. Zimebaki 43. Mikono miwili ni 86. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika karibu mita za mraba 10, kwa hiyo ni lita 8.6, ongeza asilimia 10 ya akiba, nunua lita 10. Ukuta wenye chenga hula zaidi, wakati mwingine lita moja haifiki mita 7. Dari ya mita 20 za mraba kwa mikono miwili ni lita 4. Nyekundu kali na manjano kali hufunika vibaya, huenda zikataka mikono mitatu au minne. Tumia praima (rangi ya kutangulizia) iliyotiwa kijivu au rangi inayokaribiana nazo, utaokoa angalau mkono mmoja.

Nunua yote kwa pamoja, kisha mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na uyakoroge. Rangi zilizochanganywa siku tofauti kwa namba ileile zinaweza kutofautiana kidogo, na ukiishiwa katikati ya ukuta utaiona tofauti hiyo kila ukikaa kutazama televisheni.

Ukuta wenyewe

Hapa ndipo muda unapokwenda, na ndipo mafundi wenye haraka wanapoiba. Rangi inayobanduka kama gamba karibu kila mara imepakwa juu ya vumbi, mafuta, chokaa inayotoka mkononi au unyevu.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, rangi mpya itashika huo unga, siyo ukuta. Sugua kwa brashi, osha, acha ukauke, kisha paka praima ya kuimarisha. Plasta mpya ya saruji iache wiki nne hivi kabla ya rangi, kisha tumia praima inayohimili alkali. Ukiharakisha, chumvi nyeupe itasukumwa nje na rangi itafifia kwa mabaka.

Ukishuku unyevu, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa tepu, iache saa 24. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuta bomba linalovuja, paa au udongo uliorundikana nje. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa isiyopita. Hakuna rangi inayotibu ukuta unaonyonya maji; itatoa malengelenge tu.

Ukungu mweusi usiufunike. Changanya sehemu moja ya dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na sehemu tatu za maji, paka, subiri dakika 15, suuza. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na amonia au siki, kwani hutoa gesi yenye sumu. Madoa ya manjano ya maji darini hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono mitano. Yanataka praima ya kuzuia madoa, ya mafuta au ya shelaki.

Hujui kama rangi ya zamani ni ya mafuta? Lowesha kitambaa kwa spiriti na usugue sehemu iliyojificha. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, huenda ni ya mafuta: ondoa mng'ao kwa msasa namba 120 hadi 180, futa vumbi, paka praima ya kushikisha, vinginevyo rangi ya maji itavuliwa kwa kucha. Kwa nyumba ya zamani sana, usipige msasa mkavu. Rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi mtu anayejua aipime.

Ziba nyufa na matundu kwa puti, tabaka jembamba mara mbili badala ya nene mara moja, maana nene husinyaa na kupasuka. Piga msasa 120, malizia kwa 220. Kisha zima taa, laza tochi ukutani ili mwanga upite sambamba nao: kila bonde litajionyesha. Palipopigwa puti paguswe na praima, kwani puti hunywa rangi na kuacha mabaka yasiyong'aa.

Siku ya kupaka

Dari kwanza, kisha kuta, mwisho milango na mbao. Toa vifuniko vya swichi baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Rola yenye manyoya ya milimita 10 hadi 12 inatosha ukuta laini. Wenye chenga unataka 18. Brashi ya inchi 2 au 2½ kwa pembeni, na iwe nzuri, maana ya bei ya kutupa huacha nywele ukutani.

Paka pembeni kwa brashi ukuta mmoja tu, kisha uingie na rola mara moja kabla rangi ya brashi haijakauka. Wanaozungushia brashi chumba kizima asubuhi na kushika rola mchana huishia na fremu nyeusi kuzunguka kila ukuta. Jaza rola, chora herufi W ya upana wa karibu mita moja, sambaza, malizia kwa kupitisha kwa wepesi kutoka juu hadi chini. Usirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka. Hapo ndipo michirizi inapozaliwa. Ukuta ukishaanzwa umalizwe, hata simu ikiita. Subiri saa 2 hadi 4 kati ya mikono kama kopo linavyoelekeza, na zaidi kukiwa na unyevunyevu hewani.

Tepu ya karatasi uliyobandika kulinda kingo ivutwe polepole kwa pembe ya digrii 45 wakati mkono wa mwisho bado una ubichi kidogo. Rangi ikikauka kabisa, tepu itang'oka na ngozi yake. Hapo kata kwanza ukingo kwa kisu chenye makali. Rangi hukauka kwa saa chache, ila huiva kwa wiki mbili hadi nne. Kabla ya hapo usiisugue kwa sabuni, wala usisukumie kochi hadi liguse ukuta.

Yaliyobaki ni mepesi na mara nyingi hubadilisha sebule kuliko rangi. Fimbo ya pazia ipande hadi sentimita 10 au 15 chini ya dari, na izidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande. Kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa fimbo. Zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya makochi kulikanyaga. Picha zikae kitovu chake kikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, au ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya kochi.

Rangi iliyobaki mimina kwenye chupa ndogo ya kioo ijae hadi karibu na mdomo, ili hewa isiikaushe, na ubandike namba ya rangi, aina ya mng'ao na tarehe. Itafaa kwa mikwaruzo ya miezi ya mwanzo. Baada ya mwaka au miwili ukuta utakuwa umefifia na kila kiraka kitaonekana. Hapo paka upya ukuta huo mzima, kutoka kona hadi kona.