Kabla hujamlipia mtoto klabu ya kuogelea, kaa uangalie leni ya mwisho

Tangu binti yangu aanze kuogelea mashindano, simu za wazazi wenzangu wa hapa Kigoma zimekuwa nyingi na karibu wote wanaanza vilevile, "Mama, mwanangu anaogelea kama samaki, nimpeleke klabu gani?" Huyu yuko Katonga, huyu Kibirizi, mwingine huku huku kwetu Ujiji, na wote wanasema kweli, watoto wetu maji wanayajua, mtu amekulia ufukweni unategemea nini. Sasa nimeona nikae niandike yote sehemu moja maana kwenye simu naongea nusu saa salio linakata hata nusu ya habari sijafika.

Hapa mjini tulianza na mwalimu mmoja aliyekuwa anafundisha watoto Jumamosi kwenye bwawa la hoteli. Mtu mwema sana, alimtoa mwanangu uoga wa kuzamisha uso na mpaka leo namwombea dua. Ila lile bwawa nililipima kwa miguu yangu, hatua 20 tu ukuta hadi ukuta, na upande mmoja limepinda. Bwawa la mashindano linakuwa la mita 50 au la mita 25, basi, muda alioupata mtoto kwenye bwawa la hoteli hauna pa kuupeleka. Na hata hizo mbili zenyewe hazilingani, kwenye mita 25 mtoto anageuka mara nyingi zaidi na kila akigeuka anausukuma ukuta kwa miguu, kwa hiyo muda wake unatoka mzuri kuliko angeogelea kwenye mita 50. Mzazi mwenzio akikutajia muda wa mwanae muulize kwanza ni bwawa la mita ngapi, usije ukamgombeza wako bure.

Alipofaulu kwenda kidato cha kwanza tukakubaliana na baba yake akasome Dar, akae kwa shangazi yake, na huko ndo nikamtafutia klabu. Nikachukua likizo, tukapanda treni hapa stesheni, kilomita kama 1,250 na migebuka ya kukaanga kwenye ndoo kwa ajili ya wifi yangu. Na baada ya safari yote hiyo nikaenda kufanya kosa ambalo nataka wewe usilifanye.

Nilichagua kwa medali. Ile klabu ya kwanza ofisini kwao kuna kabati la kioo limejaa vikombe, ukutani picha za watoto wamejifunga bendera ya taifa, nikaona hapa ndo penyewe, nikalipa siku hiyohiyo. Sikukaa hata dakika 10 kuangalia mazoezi. Nikarudi Kigoma roho kwatu.

Mwezi wa pili wifi ananipigia, "Wifi, mtoto akirudi mazoezini haongei, anaingia chumbani analala." Kumuuliza mwenyewe anasema yuko sawa, mama. Ilibidi nimwombe wifi aende akakae pale ukingoni jioni nzima bila kusema yeye ni nani, na alichokiona ndo kikanifungua macho.

Ngoja nieleze kwanza watoto wetu wanavyoogelea maana hili litamkuta na mwanao. Mtoto wa ziwani anaogelea kichwa juu. Lazima, kwa sababu anaangalia wimbi linalokuja, anaangalia mtumbwi, anaangalia wenzake wako wapi, na Tanganyika haina mchezo, ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 hivi pale penye kina zaidi, na sehemu nyingi za huku kwetu ukitembea hatua chache tu kutoka ufukweni chini hamna kitu. Kichwa juu kinamlinda. Bwawani sasa kinamwangusha, maana kichwa kikipanda miguu inazama, mwili unakaa mshazari, mtoto anakuwa kama anapanda kilima kwenye maji. Kumbadilisha inataka uvumilivu wa wiki na wiki, ajifunze kuangalia chini, kupuliza hewa yote uso ukiwa ndani ya maji, na kugeuza kichwa pembeni kuvuta bila kukinyanyua.

Kule klabu ya kwanza hakuna aliyemfundisha hilo. Kocha alimpigia kelele mbele ya watoto 30, wakacheka, akapelekwa leni ya mwisho na hiyo leni ya mwisho ilikuwa haina kocha kabisa. Wifi alihesabu, saa nzima na nusu kocha hakufika upande ule hata mara moja, alikuwa leni ya kwanza na wale watoto wa kwenye picha, saa mkononi, anashangilia. Hawa wa mwisho wanaandikiwa kwenye ubao mita za kuogelea wanajihesabia wenyewe. Alafu wakapewa vile vibao vya kuvaa mikononi ili mkono uvute maji mengi, mtoto wa miaka 13 ambaye hata kuvuta kwenyewe bado hajajua, na baada ya wiki tatu akawa hawezi kunyanyua mkono kuchana nywele, bega linauma.

Kilichofanya nimtoe siku hiyohiyo ni kingine. Mwisho wa mazoezi walikuwa wanashindanishwa kukaa chini ya maji, nani atakaa zaidi, na kabla ya kuzama wanaambiwa wapumue harakaharaka mara nyingi ili "wajaze hewa". Wazazi hili msome mara mbili. Kinachomlazimisha mtu atafute pumzi ni ile hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inavyojaa mwilini. Ukipumua harakaharaka unaitoa nyingi kupita kawaida, kwa hiyo mwili unachelewa kusikia haja ya kupumua wakati oksijeni inaendelea kuisha, na mtoto anazimia chini ya maji bila kuhangaika wala kupiga kelele, anaonekana tu ametulia. Waogeleaji wazuri wanakufa hivyo, kwenye bwawa, watu wapo. Ukikuta klabu inachezesha huo mchezo chukua taulo la mwanao muondoke. Hela niliyokuwa nimelipa mbele sikurudishiwa, na hata kabla ya hapo nilishatoa karibu mara mbili ya nilichoambiwa mwanzo maana kila mwezi kinazuka kitu, mara fulana ya klabu, mara kiingilio cha mashindano, mara basi. Siku hizi naomba niandikiwe gharama ya mwaka mzima kwenye karatasi moja, kila kitu, ndo naanza kuongea.

Klabu tuliyonayo sasa nilikwenda mwenyewe, na safari hii nilikaa kwenye benchi jioni tatu kabla ya kutoa hata shilingi. Jioni ya kwanza wanakuwa na adabu wakikuona, jioni ya tatu wameshakusahau. Sikuangalia leni ya kwanza kabisa. Wale wanajua tayari, hata kocha akilala wataogelea. Niliangalia leni ya mwisho, na kulikuwa na kijana mmoja mdogo mnene anaogelea kwa mgongo, anapinda kila upande mpaka anagonga kamba. Kocha akaja na kikombe cha plastiki, akakijaza maji nusu, akamwekea juu ya paji la uso, akamwambia, "Kipeleke mpaka kule." Hatua mbili, kikombe kikaanguka. Akakijaza tena. Kikaanguka. Kocha amechuchumaa ukingoni, suruali imelowa mpaka magotini, anatembea naye pembeni, "tulia shingo, tumbo juu, hivyo hivyo." Mara ya sita au ya saba kikombe kikafika mpaka kwenye zile bendera zinazoning'inia mita 5 kabla ya ukuta, na kocha akamwonyesha ahesabu mikono kuanzia kwenye bendera ili asigonge kichwa. Yule mtoto alivyokamata ukuta aligeuka kumtafuta mama yake kwenye mabenchi. Hapo nikajua mwanangu analetwa hapa.

Mengine niliyouliza nitayapitisha. Kocha mmoja anashika watoto wangapi, na kuna mtu mwingine wa kuokoa pembeni? Maana kocha anayeangalia saa haoni chini ya maji, hizo ni kazi mbili. Kama klabu inatambulika na Chama cha Kuogelea Tanzania, TSA, kwa sababu bila hivyo mtoto atabaki kushindana na wenzake wa palepale tu. Kama wanafundisha mitindo yote minne, fristaili, mgongo, kifua na kipepeo. Ukiambiwa mwanao wa miaka 11 ni "wa fristaili ya mita 50 tu" huyo kocha anatafuta medali ya mwezi ujao, mwili wa mtoto bado unabadilika, anayeongoza leo akiwa na 11 mara nyingi ni yule aliyewahi kurefuka.

Ila la usalama wa mtoto mbele ya watu wazima usilipitishe, hata kama unaona aibu kuuliza. Nani anaingia chumba cha kubadilishia nguo? Kocha anamtumia mtoto meseji peke yake au kuna kundi lenye wazazi? Safari ya mkoani wanalala vipi, nani mwanamke anakwenda na mabinti? Niliuliza yote hayo nikiwa nimesimama, na kocha akajibu moja baada ya jingine bila kununa, akanipa na namba ya mama anayesafiri nao. Anayekasirika kuulizwa hivyo mwache.

Na sisi wa Ujiji kuna la mavazi. Binti yangu anajisitiri, na mashindano makubwa yana kanuni, tangu 2010 vazi la kike bwawani ni la kitambaa na kwa kawaida halivuki mabega wala magoti. Nilimweleza kocha mapema. Mazoezini anavaa la mikono mirefu na kilemba chake cha kuogelea, na mashindano ya ndani kocha huwa anawasiliana na waandaaji kabla, sio siku ile mtoto ameshasimama ukingoni watu wote wanamtazama. Kama kwenu ni hivyo liseme siku ya kwanza, usimwachie mtoto alibebe peke yake.

Kuna mzazi aliniuliza kama kweli kuna mwisho wowote huko, au tunapoteza ada. Paris 2024 Tanzania ilikuwa na waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, kwa hiyo njia ipo. Lakini mimi sikumpeleka kwa ajili ya Olimpiki. Anafanya mazoezi siku nne kwa wiki, wakati wa mitihani kocha mwenyewe anampunguzia zikawa mbili, bega limepona, na akipiga simu anaongea mpaka shangazi yake anamnyang'anya.

Likizo ya Desemba alikuja. Kocha alimwandikia mazoezi ya kufanya ziwani, nusu saa sambamba na ufuko, kichwa chini, na kila mikono 10 anyanyue macho kidogo aone anakoelekea, maana hiyo ya kichwa juu aliyotoka nayo huku, kwenye mashindano ya maji ya wazi, yaani ya ziwani, mtoni au baharini, inatakiwa, na Olimpiki wanaogelea kilomita 10 hivyo tangu 2008. Mjomba wake alikuwa anamfuata na mtumbwi, asubuhi kabla upepo haujaanza, sehemu wanayoijua wavuvi kwamba haina mamba, na tulipofunga likizo nikampeleka akapime kichocho kama ninavyofanya kila akitoka ziwani. Siku ya kwanza mjomba aliona ameinamisha kichwa muda mrefu akapiga kasia mbio akidhani anazama. Akamwita kwa sauti. Mtoto akageuza uso pembeni, akavuta pumzi, akaendelea.