Oili Inavuja Baada ya Klachi Kubadilishwa: Je, Gia Boksi Ishushwe Tena?

SWALI: Ndugu mhariri, gari langu dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, lenye gia za mkono, lilibadilishiwa klachi katika gereji moja hapa mjini. Kabla ya hapo halikuwahi kudondosha chochote. Nilipolipeleka Newala na kurudi, nikakuta doa la mafuta chini ya mahali injini inapoungana na gia boksi. Fundi anasema sili ya nyuma ya krenkishafti (mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili mkuu wa injini unapotokea kuelekea gia boksi) imekufa, gia boksi ishushwe upya na nilipie kazi hiyo. Nikubali?
Msomaji, Ligula, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali bado. Huenda fundi wako amesema kweli, lakini kushusha gia boksi ni kazi kubwa, nayo haifai kuanzwa kabla hayajajulikana mambo mawili: ni mafuta gani yanayovuja, na yanaanzia wapi. Doa la sakafuni haliwezi kukujibu hilo la pili, kwa sababu mafuta hushuka yakifuata kingo za chuma na vichwa vya nati, na gari likiwa mwendoni upepo huyasukuma nyuma, hata tone likaanguka mbali na lilikotokea.

Anza na aina ya mafuta. Tandika boksi safi la karatasi ngumu chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi uyatazame na kuyanusa. Oili ya injini iliyokwisha kutumika huwa nyeusi au kahawia. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Mafuta ya breki, ambayo katika magari mengi ndiyo yanayosukuma klachi pia, ni mepesi sana, na ukiyadondoshea kwenye kikombe cha maji huchanganyika, ilhali oili huelea juu. Ukigundua kuwa ni ya breki, usiendeshe gari mpaka litengenezwe.

Ikiwa ni oili ya gia, sili ya krenkishafti haihusiki kabisa, kwa maana nyuma yake iko oili ya injini tu. Hapo ningeanza kushuku sili za shafti za magurudumu. Katika gari la aina yako klachi haifikiwi mpaka shafti hizo zichomolewe, na wakati wa kuzirudisha meno yake hukwaruza mdomo wa sili kwa urahisi, hasa sili ikiwa imezeeka au shafti ikiingizwa kwa kupinda. Kagua pia plagi ya kumwagia oili, ambayo washa yake (pete ya kuzibia) mara nyingi hurudishwa ileile ya zamani, na kiwango cha oili, kwani iliyojazwa kupita kiasi hutafuta pa kutokea. Sili ya shafti hubadilishwa bila kushusha gia boksi.

Ikiwa ni oili ya injini, bado tazama juu kwanza. Gasketi ya kifuniko cha valvu (kizibo chembamba chini ya kifuniko cha juu ya injini) ikivuja upande wa gia boksi, oili huteremka mgongoni mwa injini na kujikusanya palepale ulipoona doa, na watu wengi wamelipia sili ya krenkishafti kwa kosa la gasketi hiyo. Kwa hiyo injini na gia boksi zioshwe kwa dawa ya kuondoa grisi na zikaushwe vizuri, maana hata oili iliyomwagika wakati wa kazi yenyewe huweza kubaki mafichoni na kuendelea kudondoka. Paka poda ya mtoto kwenye maungio, endesha mwendo mfupi, kisha tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi imara; asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Juu kukiwa kukavu na oili ya injini ikitokea ndani ya kasha la klachi, basi fundi amepatia. Hata hivyo muulize kwa heshima kama aliikagua sili hiyo gia boksi ilipokuwa chini, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuibadilisha. Na ikithibitika kwamba sili iliumia mikononi mwake, kwa maoni yangu ufundi ni juu yake, nawe ununue kifaa tu.

SWALI: Baada ya kubadilishiwa rejeta, naona maji chini ya upande wa abiria kila nikiegesha. Rejeta mpya ni mbovu?
Msomaji, Lindi

JIBU: Yaguse. Yakiwa angavu, hayana harufu wala utelezi, na huonekana tu unapowasha kiyoyozi, ni unyevu wa hewa ya pwani uliogandamana kuwa maji, hauna madhara. Kolanti, yaani maji ya kupozea injini, huwa na rangi, huteleza na hunukia utamuutamu. Pima kiwango chake kwenye chupa ya akiba asubuhi injini ikiwa baridi, wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Kiwango kikishuka siku hadi siku, rudi kwa fundi akague kwanza klipu za hozi alizozifungua.